Ndugu wa Neno Daima

Mwaka jana nilipewa ukuta wa ghala la mahindi pale Majengo niuchore nitakavyo. Nikachanganya udongo mwekundu, majivu na gundi, nikachora mashamba ya ulezi yaliyopanda mpaka yakapotelea angani. Picha niliipa jina "Daima", kwa kuwa lilisikika kubwa, kama la kanisani.

Shangazi yangu alikuja kutoka Chala kuniona. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, akautazama ukuta, kisha akauliza, "Mvua ikija, itadumu?"

Rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili aliyehamia kwetu kutoka Mbeya, alikuwa amenishikia ngazi. Akacheka.

"Shangazi ametaja jina la picha yako," alisema. "Daima na kudumu ni ndugu. Maneno hayo yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kukaa bila kuisha."

Miaka yote nilidhani daima ni neno la mawinguni, kumbe ndugu yake tunamtumia kila siku tukiuliza kama viatu na mabati vitadumu! Nikalowesha kitambaa nikaifuta anga yote, mwalimu akiniuliza kama nimechanganyikiwa. Pale pale nikaanza kuchora mikono ya shangazi, iliyodumu na jembe miaka yote, mikubwa kuliko mlango wa ghala.

Shangazi alikaa juu ya gunia, mikono magotini. "Fanya upesi," alisema, "basi la Chala halinisubiri."

Nilichora kwa vidole, brashi nimeisahau ndani ya ndoo.