Msafi na Kijiko cha Wawili

Jina la Msafi mdogo wangu alipewa na mateja wenzake, waraibu wa unga wa heroini. Mimi ningempa jingine, ila katika hilo walipatia. Hata siku ambazo arosto ya kukosa unga imemkamata mpaka meno yanagongana, hakunywa maji kwenye kikombe cha mtu. Sindano yake ilikuwa yake peke yake, ameifunga uzi mwekundu aliouchomoa kwenye cherehani yangu bila kuomba, na ole wake mtu aiguse.

Alikuwa fundi viatu. Tulichangia kibaraza kimoja, mimi ndani na vitambaa vyangu, yeye nje na nyundo na kopo la gundi. Mteja akileta kiatu kinachonuka, alirudishiwa hapohapo akakioshe kwanza. Watu walicheka, wakaenda kuosha.

Rafiki yake alikuwa kuli wa sokoni. Tulimwita Pacha, maana ukimwona mmoja, mwingine yuko nyuma anakuja. Unga walinunua kwa kuchanga, na walikuwa na utaratibu wao. Walikoroga wote kwenye kijiko kimoja, wakakipasha moto, wakadondoshea kipande cha pamba cha kuchujia, kisha kila mtu akavuta nusu yake kwa bomba lake mwenyewe la sindano, mwenzake akikodolea macho mistari ya kipimo. Hiyo ndiyo ilikuwa haki. Anayekoroga pembeni ni mwizi.

Baadaye Msafi aliacha. Sisemi aliacha kirahisi. Nilifua mashuka mimi, najua. Akawa anakwenda zahanati kila asubuhi kunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, dirishani, nesi akimwangalia mpaka ameze. Huko walimpima virusi vya ukimwi, wakakuta hana. Wee, alitembea kama bwana harusi. Pacha yeye alibaki kijiweni.

Yule nesi hakumwacha. Alimwambia kuna homa ya ini, aina ya C, inakaa kwenye damu miaka na miaka bila kuuma, na kipimo chake ni kingine. Msafi akamjibu kwamba damu yake walishaipima, wapime wachafu. Nilipomsema nyumbani alisema nimeanza kuwa nesi siku hizi. Nikamwambia nesi analipwa, mimi nakupigia kelele bure.

Kilichomshinda ni suruali. Aliniletea nimwachie kiuno, nikaachia, nikamtania kwamba unga ameacha ameanza ugali. Akairudisha tena. Siku hiyo nilimtazama mikono. Ilikuwa imekonda, mishipa imetoka kama kamba, na tumbo liko mbele. Miguu imevimba, anavaa kandambili, fundi viatu mzima. Niliweka mkasi chini nikamshika mkono mpaka zahanati, na safari hii hakubisha.

Walimtoboa kidole, kisha wakachukua damu ya kuhakikisha. Majibu yaliporudi yalisema anayo hiyo homa ya ini, na nesi alimkuta amekunja uso.

"Sindano yangu hajawahi kuigusa mtu," Msafi alisema, kama anayejitetea polisi.

"Nakuamini. Na kijiko kilikuwa cha nani?"

"Chetu."

"Maji?"

"Yetu."

"Na pamba?"

Nesi alimweleza taratibu, bila kumsimanga. Sindano unayoirudia inabaki na damu yako hata kama huioni. Ukiichovya kwenye kijiko, damu imeingia, na mwenzako anaivuta. Kirusi hiki ni kigumu, kusuuza kwa maji hakukiondoi, na ule moto wa kiberiti si wa kutegemea. Kila mtu anatakiwa awe na bomba jipya kila mara, na kijiko chake, na maji yake, na pamba yake. Dawa ipo, ni vidonge vya miezi michache, na wengi wanapona kabisa.

Alivimeza vyote. Kirusi kikaisha, kweli kikaisha. Lakini ini lilikuwa limeshaharibika, daktari alisema limejaa makovu na tumbo linajaa maji. Msafi akaniambia, "Ini langu limekuwa soli, dada. Na soli ya kubadilisha sina."

Tangu hapo alikuwa na shida moja tu, Pacha apimwe. Alimtumia watu, Pacha hakuja. Mwisho nilimfuata mwenyewe sokoni, nikamkuta amekaa juu ya magunia. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Akainama.

"Wakinikuta na huo ugonjwa, dada, si ina maana mimi ndiye niliyemuua?"

Nikamwambia tu aje amwone mgonjwa.

Alikuja, akasimama mlangoni kama mdai. Msafi alikuwa amelala kwa ubavu kwa sababu ya tumbo, macho yamekuwa manjano. Alimwita akae kitandani.

"Ulianza kwangu," akamwambia. "Nilikuwa nao kabla hatujajuana. Nilijidunga na wengine zamani, wewe hukuwepo. Kwa hiyo nenda kapime, usinikalie hapa na uso huo."

Uongo mtupu. Kabla ya Pacha hakuwa ameshika sindano. Nilikuwa naishi naye chumba kimoja, ningejua. Na daktari alishasema hakuna wa kujua ulianza kwa nani. Niliendelea kukunja nguo zangu.

Pacha alikwenda wiki ileile. Walimkuta nao, ila ini lake lilikuwa bado zima. Wakampa vidonge, wakampa na mabomba mapya na vijiko vya kutosha. Alipokuwa katikati ya dawa, tukamzika Msafi. Nilimvalisha shati nililomshonea mwenyewe, la mikono mirefu.

Siku chache baadaye Pacha alikuja dukani, akasimama pale mlangoni mpaka wateja wakaondoka.

"Dada, niambie kweli. Ulianza kwake?"

"Yeye alisemaje?"

"Alisema kwake."

"Basi. Unataka kumbishia marehemu?"

Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama kidonge cha leo amemeza, akasema bado, kiko mfukoni. Nikampa maji. Alimeza, akafuta macho kwa mkono, akabaki amekaa kwenye benchi la wateja akinitazama nikishona. Nilichelewa kufunga siku hiyo, maana sikutaka kumwambia aondoke.