Nilimzulia Marehemu Hawara Pale Mtoni

Wakuu, mkimaliza kusoma mnitukane tu. Nimeyataka mwenyewe.

Nilimzulia hawara mwanamke aliyekufa. Si mara moja. Kila Jumamosi, kiangazi kizima, mbele ya wageni, na wageni walikuwa wanavunjika mbavu.

Kazi yangu ni kutembeza watalii kwa baiskeli hapa York, Uingereza. Tunaanzia kanisa kuu, tunafuata ukuta wa kale, halafu tunashuka hadi mto Ouse kupumzika.

Pale mtoni kuna benchi. Huku mtu akifa, familia inamwekea benchi mahali alipopapenda, na kibao chenye jina lake.

Kibao cha benchi hili kinasema: Enid Pickersgill. Kila Ijumaa alisubiri hapa.

Basi, mimi na mdomo wangu!

"Mnajua alikuwa anamsubiri nani?" nawauliza. "Mwenye boti! Mume yuko nyumbani anachemsha chai, bibi yuko hapa kapaka rangi ya mdomo. Hata binti yao ana pua ya mwenye boti! Na aliyenunua benchi ni mume!"

Watu hoi. Tunapanda baiskeli, tunaendelea.

Jumamosi moja nilikuwa na watu saba. Sita wa ofisi moja kutoka Leeds, makelele mwanzo mwisho. Wa saba alikuwa mzee peke yake, kaja na baiskeli yake kuukuu, suruali kaibana kwa vibanio miguuni. Alijitambulisha kwa jina moja tu, Horace.

"Mzee wangu, utaweza kweli?" nikamtania. "Tusije kukurudisha kwa toroli."

"Wewe endesha, kijana. Mimi nipo nyuma yako."

Na kweli, hakuachwa nyuma hata kwenye kilima.

Tulipofika kwenye benchi, dada mmoja wa Leeds, Gemma, akanichochea. "Haya, tupe umbea wa mjini!"

Nikautoa wote, pua na kila kitu. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye nyasi.

Mzee hakucheka. Alivua kofia yake, akainua mkono kama yuko darasani.

"Samahani, sitaki kuwaharibia siku. Hayo uliyasikia kwa nani?"

"Ah, mzee, mji mzima unayajua."

Aisee, nilisema hivyo! Nilipewa nafasi ya kunyamaza, nikaongeza uongo juu ya uongo.

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole. "Mimi ni Horace Pickersgill. Enid ni mke wangu."

Gemma akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nikasubiri ngumi. Ningeipokea, walahi.

Ngumi haikuja.

"Binti yangu Judith alipita hapa na wewe mwezi uliopita," akasema. "Alirudi nyumbani analia. Nikamwambia ni upuuzi. Kila Ijumaa nilikuwa natoka kazini, kiwanda cha chokoleti, nashuka na baiskeli, namkuta Enid hapa, tunakwenda nyumbani pamoja. Lakini zipo siku nilichelewa saa nzima. Sasa nimeanza kujiuliza. Nina miaka themanini na nne, kijana. Kama kulikuwa na mtu, niambie tu. Sitakasirika."

Hakuja kunigombeza, wakuu. Alikuja kuuliza kama ni kweli.

Nilitamani ardhi inimeze. Watu sita wananitazama, na najua nikifungua mdomo nimejiumbua mimi na kazi yangu. Nikinyamaza, mzee anaingia kaburini akimshuku mkewe.

"Nilitunga," nikasema. "Hakuna mwenye boti. Mkeo simjui. Nilisoma kibao tu, nikatunga ili watu wacheke."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Hakuna, mzee."

"Asante," akasema. Ati asante!

Akakaa kwenye benchi, akaweka kiganja juu ya kile kibao. "Nisamehe, Enid," akasema taratibu. "Mwezi mzima nimekuwazia vibaya."

Kosa langu, anaomba msamaha yeye. Machozi yalinitoka, na sikuwa na haki hata ya kulia.

Akatoa simu, akampigia Judith, akanipa. "Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia yote, nikaomba radhi.

"Sawa," akasema Judith. "Na wale wengine wote uliowasimulia, utawapigia lini?"

Sina namba zao. Sijui hata majina yao.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Ndugu zangu, marehemu hawezi kukujibu, kwa hiyo usimgeuze kichekesho. Na kama ulipanda baiskeli nami kiangazi kile ukacheka pale mtoni, nakuomba umwambie kila uliyemsimulia: Enid Pickersgill alikuwa anamsubiri mumewe.