Chumba Kimoja, Watu Tisa Usingizini

Nje theluji ya Machi imegeuka tope. Ndani ya duka lililokuwa la matairi, mjini Kerwin, Ohio, watu tisa wamelala mchana kweupe, suruali zimekunjwa hadi magotini, sindano nyembamba kama unywele zimesimama miguuni, mikononi na masikioni mwao. Mmoja anakoroma kama msumeno.

Renata Hudak, mwenye miaka 48, hatulii. Anapita kati ya viti kwa soksi, anachuchumaa, anachomoa, anahesabu kwa midomo, anainuka, anachungulia dirishani. Mkaguzi wa majengo anakuja leo, ila hakusema saa ngapi. Ndivyo walivyo wakubwa: wewe uijue saa yao, yako hawana habari nayo.

“Nimemimina kahawa mara tatu, mara zote imepoa,” ananong’ona.

Kinachomkosesha raha ni amri ya mji: kila mgonjwa awe na chumba chake, chenye kuta na mlango. Kuta zikisimama, mahali penye viti kumi patabaki vyumba vitatu. Na tiba hii ya sindano, ile ya Kichina isiyo na dawa ndani yake, kwa bei ya Renata, haiendi kwa watu watatu.

Hesabu yake hata mtoto anaielewa. Mgonjwa hulipa kati ya dola ishirini na hamsini, anavyojipangia mwenyewe, wala haulizwi mshahara. Kwingineko, ukilazwa chumbani peke yako, sindano zilezile ni dola mia na zaidi. Renata anamudu kushusha bei kwa sababu anahudumia watu sita kwa saa: akimaliza kumchoma mmoja, wa pili anakunja suruali, na wa kwanza keshasinzia. Hakuna anayevua nguo. Anachoma chini ya goti, chini ya kiwiko, masikioni na kichwani, basi.

“Siahidi miujiza,” anasema. “Yupo anayepata nafuu ya mgongo, yupo anayefuata usingizi tu, yupo asiyerudi tena.”

Yeye mwenyewe alifunga nyaya miaka kumi na minne kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, hadi viganja vikakataa kushika kijiko. Kiwanda kilipofungwa, viongozi walikuja na kofia ngumu kichwani, wakapigwa picha, wakaahidi kazi mpya, wakapanda magari yao. Kazi hazikuja. Vilikuja vidonge vya maumivu vyenye kulevya, vikagawiwa kama pipi, vikaua, na zipo nyumba hapa mjini ambazo leo mezani kimebaki kiti kimoja. Nani aliulizwa? Hakuna.

Renata alikwenda kusomea sindano utu uzimani, darasani na watoto wa wenye pesa, akapata leseni, akarudi kwa watu wake.

Mkaguzi anaingia adhuhuri. Ni Bwana Prentiss, buti zake zinadondosha tope, sauti yake ni ya mtu aliyezoea kumbi. Anauliza mwenye mahali hapa ni nani.

“Kijana, shusha sauti,” anajibu Otis Gadsden, dereva mstaafu wa foklifti za kunyanyulia mizigo, macho yakiwa bado yamefumbwa. Ndiye yule wa mkoromo wa msumeno. “Hapa watu wamelipia usingizi.”

Mkaguzi anashusha sauti. Anapima ukuta kwa ukuta, anauliza faragha iko wapi. Renata anamweleza kwamba mgonjwa mwenye siri, yeye humwita nje, wakazungumza mlangoni. Huku anaeleza, mikono inachomoa sindano za Dolores Maldonado, mama anayehudumia wazee majumbani mwao, naye ana haraka ya basi. Dolores anavaa koti, anatoka.

Hapo kuna sheria ambayo Renata hajawahi kuivunja: sindano zilizoingia kwa mtu ndizo zitoke, na zihesabiwe kabla ya kutupwa kwenye kopo jekundu. Kwa Dolores ziliingia kumi na mbili. Kwenye kisahani ziko kumi na moja.

Mkaguzi anatazama dari. Renata angeweza kumwaga kisahani akanyamaza. Badala yake anatoka mbio, kwa soksi zilezile, hadi kituo cha basi.

“Dolores! Usijikune kichwa!”

“Nini tena, nimesahau glavu?”

“Mimi ndiye niliyesahau. Una sindano utosini.”

Mzee mmoja kwenye foleni anasema alidhani ni antena. Dolores anacheka hadi anashikilia nguzo, Renata akichomoa na kumbana pamba. Basi linapita, linamwacha. Mlangoni mkaguzi hacheki. Anaandika.

Wanaporudi ndani, anamwambia Renata kwamba kosa hilo ndilo sababu ya amri: mtu mmoja, chumba kimoja, hakuna kusahau.

“Huenda,” anasema Renata, soksi zinachuruzika maji. “Kosa ni langu, liandike. Lakini bei ya chumba chako huyu mama asingeiweza.”

Dolores anadakia. “Mwanangu, kwangu nina kuta nne na mlango. Tangu mume wangu afariki, nalala humo nikitazama dari mpaka kunakucha. Hapa, huyu mzee akianza kukoroma, ndipo nasinzia.”

“Nakutoza kuanzia leo,” anasema Otis.

Bwana Prentiss anajibu kwamba sheria hakuitunga yeye. Kila mwenye kalamu husema hivyo, na aliyeitunga humwoni kamwe. Anasema ripoti, pamoja na habari ya sindano, itasomwa mbele ya baraza la mji Jumanne. Anakwenda zake, tope lake linabaki sakafuni, na Renata analipiga deki kabla mlango haujatulia.

Tangu hapo, akichomoa sindano hazungumzi na mtu, awe mkaguzi awe askofu. Jumanne ataomba aachiwe chumba chake kimoja, atundike pazia pembeni kwa anayetaka kujificha. Madiwani wakikataa, kanisa la Mtakatifu Kirili limemkubalia ukumbi wake wa chini, isipokuwa Ijumaa za Kwaresima, ambapo waumini hukaanga samaki humo.

“Siku nne kwa wiki, na harufu ya mafuta,” anasema. “Tutalala hivyo hivyo.”

Alimsihi Dolores asije barazani kumtetea, kwani atakosa ujira wa siku nzima. Dolores alikataa. Renata alipomweleza kwamba habari ya sindano itawachafua wote wawili, Dolores akavuta kofia yake hadi masikioni.

“Waisome,” alisema. “Kilikuwa kichwa changu. Nitaanza kusema mimi.”