Dimbwi Lililokataa Mipaini

Baba mkwe wangu alipofariki alituachia shamba la mipaini upande wa Mpitimbi. Mdogo wake mume wangu alipata nyumba, sisi tukapata miti. Mume wangu ni fundi pikipiki hapa Songea mjini, mimi nauza vitenge sokoni, na kati yetu hakuna aliyewahi kupanda hata mti wa kivuli. Lakini mwenzangu alilipokea shamba lile kama mtu aliyepewa cheo. Alinunua panga jipya, gambuti na kofia pana, akaanza kuzungumza habari za mbao kabla hata hatujafika huko.

Mara ya kwanza tulikwenda mwishoni mwa kiangazi, tukiwa na mama mkwe. Mipaini ilikuwa mirefu, imenyooka, na chini kumetandikwa sindano zake kavu mpaka miguu haisikiki. Tulipofika katikati tukakuta uwazi mkubwa wa duara, udongo umepasukapasuka, nyasi chache zilizokauka, wala hakuna mti hata mmoja.

"Hapa baba alizembea," mume wangu akasema. "Eneo lote hili limekaa bure!"

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kisiki akimenya muwa. Alimtazama mwanawe, akatema makapi.

"Panda tu, mwanangu," akasema.

Mvua za kwanza ziliponyesha akapanda. Alipanda kwa mistari iliyopimwa kwa kamba, na jioni alirudi mjini ametapakaa udongo na furaha, akinieleza jinsi miche ilivyopendeza.

Tuliporudi sote watatu mwezi wa pili, vyura ndio waliotupokea, tena kwa mbali, kabla hatujaona kitu. Kisha tukaona maji. Ule uwazi wote ulikuwa umejaa, unang'aa katikati ya miti, na mistari ya mume wangu ilikuwa huko chini. Vichwa vichache tu vya miche vilichungulia, vimekuwa vya njano.

"Nakwenda kuing'oa, nitaipanda pengine," akasema, akaingia.

Hakufika mbali. Matope yalimshika magotini, akajaribu kugeuka, gambuti moja ikabaki chini na mguu ukatoka mtupu. Akaketi majini kama mtoto anayeogeshwa. Nilimnyooshea ufito, lakini kwa kweli nilikuwa nacheka mno hata nguvu za kuvuta sikuwa nazo. Mama mkwe ndiye aliyenisaidia, naye machozi ya kicheko yakimtoka.

"Mama, ulijua?" mume wangu akauliza alipofika ukingoni.

"Nilijua. Baba yako naye alipanda hapa mpaka akachoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Yeye nilimwambia, hakusikia. Wewe nikaona heri maji yakuambie."

Wakati anajisafisha, mimi nilizunguka lile dimbwi. Nilikwenda tu ili asiendelee kuniona nikicheka, lakini nilichokiona huko kilinikatiza kicheko.

Mimea ilikuwa imejipanga. Mimi ni mtu wa nguo, kwa hiyo niliona pindo kwanza. Pale udongo ulipokuwa na unyevu tu, paliota vimea vidogo vyekundu, vimelala chini kama vifungo, na kila jani lina vinywele vyenye matone ya kunata. Niliinama nikaona mbu amenaswa, na jani limeanza kujikunja juu yake. Hatua chache ndani, maji yalipofika kwenye kifundo cha mguu, ilianza ndago, mashina yake ya pembe tatu yamesongamana. Mbele ya ndago vilisimama viua vya njano juu ya vijiti vyembamba, bila jani lolote la kuonekana. Na katikati kabisa, penye kina, mayungiyungi yalikuwa yamefunguka kati ya majani yake ya duara yanayoelea, meupe yenye kuguswa na rangi ya zambarau. Hakuna aliyevuka kwenda kwa mwenzake. Kila mmea ulikaa pale maji yalipoufaa.

Tangu siku hiyo nikawa sikosi sababu ya kwenda shambani. Mara nasema nimefuata kuni, mara uyoga. Mvua zilipokatika na maji yakaanza kupungua, niliona ile mimea ikiyafuata. Palipokuwa pa ndago pakavamiwa na vimea vyekundu, palipokuwa pa yungiyungi pakasogelewa na ndago, kila wiki duara linabana zaidi, mpaka baridi ya mwezi wa saba ilipokuta udongo mtupu tena.

Hapo ndipo mume wangu alipokuja na wazo la mfereji. Angechimba yeye na mdogo wake, maji ya mvua ijayo yatelemke kwenda bondeni, na mipaini ipate nafasi.

"Na maua?" nikamwuliza.

"Maua gani, mama watoto? Yamekufa. Umeyaona mwenyewe."

"Hayajafa."

"Basi nionyeshe moja."

Sikuwa na la kuonyesha. Walipoanza kuchimba, nilichukua beseni langu la kufulia, nikalijaza mabonge ya ule udongo wa katikati na ya pembeni, nikalifunga nyuma ya bodaboda. Dereva aliniuliza kama mjini udongo umekwisha. Nikaliweka barazani, nikamwagia maji mpaka yakasimama, na kila asubuhi nikawa naongeza kidogo.

Majirani walifurahi sana. "Shikamoo mama, matope yameamkaje leo?" binti wa nyumba ya pili alikuwa akiniuliza kila akipita kwenda shuleni. Mume wangu alilizunguka beseni kama mtu anayekwepa mbwa. Wiki zikapita, hamna kitu ila ukungu wa kijani, na nikaanza kuona aibu.

Kisha joto liliporudi, zikachomoza sindano za kijani, nyembamba. Nilizigusa, nikahisi pembe tatu. Ndago! Zikafuata nyuzi laini zinazoelea majini, na baada yake, siku niliyokuwa sitarajii tena zaidi, jani moja la duara, dogo kama kifungo cha shati, likalala juu ya maji. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi akidhani nimeona nyoka.

Mume wangu alikuja, akachuchumaa. Alilitazama lile jani kwa muda mrefu.

"Hili lilikuwa ndani ya ule udongo mkavu?"

"Ndani ya uleule."

Akainuka, akarudi ndani. Ila asubuhi moja nilichelewa kuamka, nikamkuta barazani na kikombe cha chai mkono mmoja na kopo la maji mkono wa pili, anamwagilia taratibu asije akalizamisha jani. Aliponiona akajifanya anasuuza kopo.

Mfereji ulikuwa umeshakamilika, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, ndipo Jumamosi moja alipochukua jembe akaenda shambani peke yake. Nilijua anakwenda kuusafisha kabla ya mvua. Nilikaa na kinyongo changu sokoni, nikamkatia mteja kitenge vibaya. Jioni mdogo wake ndiye aliyeingia kwetu kwanza, amevimba kwa hasira.

"Shemeji, mumeo ni mzima kweli? Mgongo wangu haujapona, na leo nimemkuta anafukia mfereji wote! Wote!"

Mume wangu aliingia nyuma yake, mikono ina malengelenge. "Nimeona yale maua yalikuwepo kabla yangu," akasema, akanitupia jicho, kisha akaona haya akaomba chakula. Ilibidi tumchinjie shemeji kuku ndipo akubali kukaa, na alikula mapaja yote mawili bila kumtazama kaka yake.

Mvua zilikuwa nzuri mwaka ule. Jumatatu ya Pasaka tulikwenda wote shambani, pamoja na shemeji na familia yake, tukatandika mikeka juu ya sindano za mipaini, tukala wali na maharage huku vyura wakitupigia makelele. Dimbwi lilikuwa limejaa ukingo hadi ukingo. Shemeji alilizunguka lote, kisha akarudi kunivuta nikamwonyeshe kile kimea kinachokula mbu, na alipokiona akawaita watoto wake kwa sauti ya mtu aliyekigundua mwenyewe.

Wakati tunainama pale, tukasikia maji yakichapwa. Mama mkwe alikuwa ameshapandisha kanga juu ya magoti, amekwisha kuvuka ndago, anaelekea kwenye yungiyungi.

"Mama, utazama!" mume wangu akapiga ukelele.

"Nizame wapi?" akajibu bila kugeuka. "Mimi nimekuja kuchuma ua, sikuja kupanda mipaini."