Kuruka Korongo

Leo sokoni Bariadi nimesikia harufu ya gunia lililolowa jasho la punda, na mapaja yangu yakabana yenyewe.

Nilikuwa mtoto, na tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Mama alinipandisha juu ya punda aliyetandikwa gunia, twende kisimani. Njiani punda akageuka ghafla, akakimbilia boma letu la zamani. Mbele kulikuwa na korongo kavu. Nikamkumbatia shingo, nikafumba macho. Akaruka. Tumbo langu likabaki hewani, kisha kwato zikagonga ardhi.

Akasimama mlangoni pa nyumba yetu iliyoezuliwa. Mama akafika akihema, akanipapasa miguu, mikono, kichwa.

"Mayu, punda karuka!" nikamwambia mama.

Akacheka mpaka akakaa kizingitini. "Huyu hakuambiwa kwamba tumehama."

Hatukuharakisha kurudi.