Vishikio vya Shaba

Vishikio vya mlango wa pande mbili wa kanisa letu jipya, karibu na nyumba za reli hapa Nakuru, nilivichagua mimi, kwa sababu viling'aa kama ziwa asubuhi.

Fundi Okelo alinionya. "Mwalimu, hivi ni pambo tu. Havifungui kitu."

"Siku ya ufunguzi nitakuwa ndani," nikamjibu. "Mchungaji akipiga hodi, nitaondoa komeo."

Siku hiyo nilifunga komeo, nikangoja. Kisha nikasikia mpiga picha akiwapanga watu nje. Nikatokea dirishani na kusimama nyuma ya Mchungaji, nimetabasamu tayari.

Akapiga hodi. Akavuta vishikio. Akapaza sauti: "Nani yuko ndani?"

"Ni mimi, Mchungaji," nikasema mgongoni kwake.