Mwana Mkubwa wa Marehemu

Hapa Tononoka, Mombasa, wanijua kwa mahamri ninayouza na kwa mdomo. Anayenidhulumu namwambia papo hapo, kisha yaishe, kesho tunaamkiana. Jambo moja tu limewahi kunikaa kifuani mimi Mbeyu, nalo lilikaa wiki tatu.

Mwaka jana binti yetu Everlyne, muuguzi huko London, alituita mimi na baba yake tukamwone mjukuu. Baridi ya kule usiniulize. Na kila kitu pesa, hata kwenda haja mjini! Jumamosi moja Everlyne akasema, "Twendeni makumbusho, kule kuingia ni bure." Tukavaa makoti, mimi, yeye, mume wangu Charo na mjukuu wetu Cynthia wa miaka tisa, tukafunga na chapati zetu.

Tuliona maiti za Misri, tukaona saa za wafalme. Charo alikuwa akicheka kama mtoto. Tulipoingia chumba cha Afrika akabaki mlangoni.

Ndani ya kioo kilisimama kigango. Kwetu Wagiriama, mzee mwenye heshima akifa jamaa humchongea nguzo ya mbao yenye kichwa, ikasimikwa pale nyumbani. Ndiye yeye sasa. Hata mkihama mji, kigango hakihamishwi. Hiki kilikuwa na kovu la panga begani, alilolikata Charo mwenyewe utotoni akicheza, na ni kwa alama hiyo ukoo mzima ulikitafuta kilipopotea. Kilikuwa cha baba mkwe wangu.

Kilipotea mwaka nilioolewa. Charo akamtaja mdogo wake, Kahindi, kwa kuwa alikuwa mlevi. Kahindi aliapa mpaka machozi yakamtoka, wazee hawakumsikiza, wakamfukuza nyumbani. Alifia Mtwapa, katika chumba cha kupanga alimoishi na mkewe Jael. Charo hakwenda kumzika. Nami, mjinga mimi, sikwenda.

"Baba Everlyne," nikasema, na machozi yananidondoka, "tumempata mzee!"

Akanishika mkono. "Twendeni. Miguu yaniuma."

Cynthia alikuwa ashaanza kusoma maandishi ya ukutani kwa Kiingereza. Nikamwambia mamake anifasirie.

"Kigango cha Wagiriama, Kenya," akasema Everlyne. "Kilinunuliwa Mombasa mwaka 1986, kwa..." Akamtazama baba yake.

"Kwa nani? Sema!"

"Kwa mwana mkubwa wa marehemu."

Kahindi alikuwa kitinda mimba. Mwana mkubwa ni Charo.

Wala hakukana. Alikaa kwenye benchi akaanza habari za mahari, kwamba baba yangu alikuwa amekaza kamba, na kwamba kulikuwa na mwenye duka mmoja Mji wa Kale akiwauzia Wazungu vitu vya kale. Alidhani hakuna atakayejua. "Lakini yaliyopita si ndwele, Mbeyu."

"Si ndwele? Kahindi yuko kaburini! Ukamuuza babako ili unioe mimi, kisha ukamtwika nduguyo? Huna haya wewe?"

Mlinzi akaja kuniomba nipunguze sauti. Everlyne alikuwa akilia, na mtoto akiuliza kuna nini. Nilimchukia Charo siku ile, na nilijichukia mimi kwa vile Kahindi alivyonisalimu njiani mara nyingi nikageuza uso. Chapati tulizirudisha vile vile.

Usiku Charo aliniomba nisimwambie mtu, atamweleza Jael kwa kinywa chake tukirudi. Nikakubali. Dhambi ni yake, basi na toba iwe yake.

Tuliporudi Jael alikuja kutupa pole ya safari. Charo akampa sweta tuliyomnunulia. Mama wa watu aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka shavuni kuusikia ulaini wake.

"Mungu akuweke, shemeji," akasema. "Kwa yote aliyokutenda Kahindi, bado wanikumbuka mimi. Angekuwa hai angekuomba radhi."

Nikamtazama mume wangu. Nikangoja. Charo akakohoa, akazitazama kucha zake.

"Nilishamsamehe," akasema.

Nikaiweka sinia ya chai chini.

"Jael," nikamwambia, "usimshukuru huyu. Kigango alikiuza yeye."